Uhalisia Pepe Katika Upimaji wa Mtikisiko wa Ubongo kwa Wanamichezo: Teknolojia, Mipaka Yake na Wajibu wa Walio Uwanjani

Mchezaji anayevunjika mguu hahojiwi kama anaweza kuendelea. Mguu wenyewe hujieleza, mchezo husimama naye hubebwa kutoka uwanjani. Lakini mchezaji anayegongwa kichwani, akalala chini sekunde chache kisha akainuka na kupangusa vumbi, kwa kawaida huulizwa swali moja tu: “Uko sawa?” Naye hujibu kwamba yuko sawa, mashabiki humpigia makofi, na mchezo huendelea.

Jibu hilo ndilo tatizo. Ubongo uliotikisika ndio huohuo unaotakiwa kutoa uamuzi kuhusu hali yake. Ni sawa na kumtaka shahidi aliyefumbwa macho aeleze alichokiona. Hali hiyo inaweza kutokea katika uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Majimaji mjini Songea, na katika kiwanja cha kijiji kama vile Namasakata, mkoani Ruvuma.

Kwa zaidi ya miongo miwili, watafiti wamekuwa wakitafuta njia za kupima ubongo wa mwanamichezo bila kutegemea maneno yake peke yake. Mojawapo ya njia hizo ni matumizi ya uhalisia pepe, yaani teknolojia inayomwezesha mtu aliyevaa miwani maalumu kuona na kusikia mazingira yaliyoundwa na kompyuta kana kwamba yupo ndani yake. Makala haya yanaeleza namna teknolojia hiyo inavyofanya kazi, kile ambacho imethibitika kuweza kukibaini, mipaka yake, na hatua zinazoweza kuchukuliwa hata pale ambapo hakuna kifaa chochote.

Maana ya mtikisiko wa ubongo

Mtikisiko wa ubongo ni jeraha linalotokea pale nguvu ya pigo inapoufikia ubongo na kuvuruga utendaji wake kwa muda. Pigo hilo si lazima liwe la kichwani moja kwa moja. Kifua kikigongwa au mwili ukianguka kwa kishindo, kichwa huweza kurushwa kwa ghafla na ubongo ukatikisika ndani ya fuvu.

Dhana iliyoenea katika jamii ni kwamba asiyezimia hakuumia. Dhana hiyo si sahihi. Wanamichezo wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu hata kidogo. Dalili za kawaida ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuumizwa na mwanga au kelele, kusahau, kuchelewa kujibu, usingizi usio wa kawaida na mabadiliko ya hisia. Baadhi ya dalili hujitokeza baada ya saa kadhaa, mchezo ukiwa umekwisha na mchezaji akiwa nyumbani.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni matokeo ya vipimo vya picha. Kipimo cha CT-Scan hutumika kutafuta damu iliyovuja, uvimbe au mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo, kwa sehemu kubwa, ni hitilafu ya utendaji wa seli na si ya umbo la ubongo. Kwa hiyo picha safi humwondolea daktari hofu ya kuvuja damu, lakini haimaanishi kwamba mchezaji yuko tayari kurudi uwanjani.

Watu wazima wengi hupona ndani ya siku 10 hadi 14, na watoto na vijana huweza kuchukua hadi wiki nne. Hatari kubwa ni kupata pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza katika jarida la kitabibu hali ambayo ubongo wa kijana aliyepata pigo la pili huvimba ghafla na kusababisha kifo. Hali hiyo hutokea mara chache, lakini ikitokea, muda wa kuokoa maisha huwa mfupi mno.

Kwa nini ni vigumu kuubaini

Katika fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Rio de Janeiro tarehe 13 Julai 2014, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa usoni katika dakika za mwanzo. Aliendelea kucheza kwa takriban robo saa. Kisha alimfuata mwamuzi Nicola Rizzoli na kumuuliza iwapo mechi hiyo ilikuwa fainali. Mwamuzi ndiye aliyegundua kwamba mchezaji hakuwa na kumbukumbu kamili, na Kramer akatolewa. Tukio hilo lilitokea mbele ya madaktari wa timu, kamera na watazamaji wa dunia nzima.

Kipimo kinachotumiwa zaidi na wataalamu wa tiba ya michezo ni kile kinachojulikana kwa kifupi cha SCAT. Toleo lake la 6 lilitokana na mkutano wa kimataifa uliofanyika Amsterdam mwezi Oktoba 2022 na kuchapishwa mwaka 2023. Kipimo hicho hufanywa na mtaalamu wa afya kwa muda usiopungua dakika 10 hadi 15. Mchezaji hueleza ukali wa dalili 22, hukumbuka orodha ya maneno, hutaja tarakimu na miezi kwa kurudi nyuma, na husimama katika mikao inayopima uwiano wa mwili. Kimetengenezwa kwa wenye umri wa miaka 13 na kuendelea, na watoto wa miaka 8 hadi 12 wana toleo lao.

Kipimo hicho kina thamani kubwa hasa katika saa 72 za kwanza. Baada ya siku chache uwezo wake wa kutofautisha aliyepona na asiyepona hupungua. Aidha, sehemu ya dalili hutegemea ukweli wa mchezaji, na mchezaji anayeogopa kupoteza nafasi yake anaweza kuficha. Wapo pia wanaojibu vibaya kwa makusudi katika kipimo cha mwanzo wa msimu, ili wakiumia baadaye tofauti isionekane.

Namna uhalisia pepe unavyofanya kazi

Miwani ya uhalisia pepe ina skrini ndogo mbele ya macho, vihisi vinavyotambua kila mzunguko wa kichwa na, katika baadhi ya aina, kamera zinazofuatilia mboni kwa mwanga usioonekana. Uwezo huo wa kuonesha na kupima kwa wakati mmoja ndio unaoifanya ifae kwa uchunguzi wa ubongo. Kwa jumla, vipimo vinavyotumia teknolojia hiyo viko vya aina nne.

Aina ya kwanza ni ufuatiliaji wa macho. Mchezaji huoneshwa nukta inayozunguka kwenye duara na kutakiwa kuifuata. Ubongo wenye afya hukisia nukta itakapokuwa na kuyatuma macho kwa wakati. Ubongo uliotikisika hushindwa kukisia vizuri, hivyo macho huchelewa au huitangulia nukta. Kipimo hicho huchukua takriban dakika moja. Kifaa cha aina hiyo kiitwacho EYE-SYNC, kilichotokana na utafiti wa daktari wa upasuaji wa ubongo Jamshid Ghajar, kilipata kibali cha mamlaka ya udhibiti wa chakula na dawa ya Marekani mwaka 2016 kwa ajili ya kurekodi na kuchambua mwendo wa macho.

Aina ya pili ni uwiano wa mwili. Mchezaji husimama juu ya sakafu tulivu, lakini chumba anachokiona ndani ya miwani huinama na kuyumba. Macho humwambia kwamba anaanguka, ilhali miguu na masikio ya ndani humwambia kwamba amesimama imara. Ubongo wenye afya huusuluhisha mgongano huo haraka. Ubongo uliojeruhiwa huchelewa, na mwili huyumba zaidi.

Aina ya tatu ni kumbukumbu ya mahali. Mchezaji hupitishwa katika korido za jengo la kubuni, kisha hutakiwa kuifuata njia hiyohiyo peke yake. Aina ya nne ni kasi ya kuitikia. Mipira au wapinzani wa kubuni hutokea pande mbalimbali, na kompyuta hupima muda ambao mchezaji anatumia kuamua na kusogea.

Faida ya vipimo hivyo ni kwamba vinakaribiana na mahitaji halisi ya mchezo kuliko karatasi yenye maswali. Beki hachezi akiwa amekaa kwenye kiti. Hutakiwa kuona, kugeuka, kukumbuka nafasi yake na kuamua kwa wakati mmoja. Mwendo wa mboni nao ni mgumu kuughushi kuliko jibu la mdomo.

Kilichobainishwa na utafiti

Miongoni mwa watafiti wa mwanzo katika eneo hili ni Semyon Slobounov wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanamichezo waliopata mtikisiko wa ubongo. Vipimo vya kawaida vilionesha kwamba wanamichezo hao walikuwa wamerejea katika hali yao ndani ya siku 10. Hata hivyo, walipowekwa mbele ya chumba cha uhalisia pepe kinachoyumba, kasoro za uwiano ziliendelea kuonekana hadi siku ya 30.

Mwaka 2010 kundi hilo lilichapisha matokeo mengine yaliyotumia kipimo cha MRI wakati wanamichezo wakitafuta njia katika korido za kubuni. Walioumia na ambao hawakuwa tena na dalili walifanya kazi hiyo vizuri sawa na wenzao. Tofauti ilikuwa ndani ya ubongo: sehemu kubwa zaidi ya ubongo wao ilishughulika ili kupata matokeo yaleyale. Kwa maneno mengine, mchezaji anaweza kuonekana amepona kwa sababu ubongo wake unajituma kupita kiasi kufidia upungufu.

Matokeo hayo yanaeleza kwa nini suala hili halihusu mechi moja pekee. Daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, alichapisha mwaka 2005 maelezo ya ugonjwa wa kudhoofika kwa ubongo alioukuta kwa mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, Mike Webster. Mwaka 2019 utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliowahusisha wanasoka wa zamani 7,676 wa Scotland ulionesha kwamba uwezekano wao wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo ulikuwa takriban mara tatu na nusu ya watu wengine wa rika lao. Utambuzi, kumbukumbu na uwezo wa kufikiri ni mali anayoihitaji mchezaji kwa miaka mingi baada ya kutundika viatu.

Mipaka ya teknolojia

Pamoja na uwezo huo, uhalisia pepe hautoi uamuzi wa mwisho. Hakuna kifaa kimoja kinachotosha kuthibitisha mtikisiko wa ubongo. Uamuzi hubaki kwa mtaalamu wa afya anayeunganisha historia ya tukio, dalili, uchunguzi wa mwili na matokeo ya vipimo.

Macho yanayochelewa si lazima yawe ya aliyegongwa kichwa. Uchovu, kukosa usingizi, pombe, homa na matatizo ya kuona huweza kubadili matokeo. Ndiyo maana inashauriwa kuwa na kipimo cha awali cha mchezaji akiwa mzima, ili alinganishwe na nafsi yake. Pale ambapo kipimo hicho hakipo, mchezaji hulinganishwa na wastani wa watu wengine, na hapo huzuka swali la watu gani. Vipimo vya maneno na tarakimu huathiriwa na lugha na kiwango cha elimu. Kijana wa Ruvuma anayepimwa kwa orodha ya maneno iliyoandaliwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha nchi nyingine anaweza kuonekana na kasoro asiyokuwa nayo. Vipimo vya macho na uwiano havitegemei sana lugha, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuvitazama kwa matumaini katika nchi zenye lugha nyingi.

Miwani yenyewe huweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu hata kwa mtu mzima wa afya. Hufanya kazi vizuri ndani ya chumba, na jua kali huharibu usomaji wa kamera zake. Inahitaji umeme, matengenezo na mtaalamu wa kutafsiri matokeo.

Zipo pia taratibu za kisheria. Kifaa chochote kinachotumika kutoa uamuzi wa kitabibu nchini ni sehemu ya vifaa tiba vinavyodhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa za afya ya mchezaji, zikiwemo rekodi za macho na matokeo ya utambuzi, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Klabu au shule haina ruhusa ya kuzisambaza kwa kuwa tu mchezaji ni wake.

Hali ya michezo nchini

Umuhimu wa suala hili haupimwi kwa wingi wa miwani. Mwezi Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kupigwa katika pambano la ngumi za kulipwa jijini Dar es Salaam. Msiba huo uliikumbusha jamii kwamba jeraha la kichwa michezoni linaweza kuondoa uhai, na kwamba usalama wa mwanamichezo huanza kabla ya kengele ya kwanza.

Katika soka, Bodi ya Kimataifa inayosimamia sheria za mchezo huo iliruhusu kuanzia tarehe 1 Julai 2024 waandaaji wa mashindano kutumia mabadiliko ya kudumu ya mchezaji kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Timu inaweza kumtoa mchezaji mmoja kwa sababu hiyo bila kupunguziwa idadi ya mabadiliko yake ya kawaida, na timu pinzani hupewa nafasi moja ya ziada. Mchezaji aliyetolewa hawezi kurudi. Lengo ni kumwondolea kocha kishawishi cha kumbakiza mchezaji aliyeumia kwa hofu ya kumaliza nafasi zake.

Mambo hayo yanapata uzito zaidi wakati Tanzania, Kenya na Uganda zikiwa ndizo zilizokabidhiwa mwezi Septemba 2023 jukumu la kuandaa fainali za AFCON 2027. Hata hivyo, wachezaji walio wengi hawachezi fainali hizo. Wanacheza UMITASHUMTA, UMISSETA, ligi za wilaya na mashindano ya vijiji.

Hatua za kuchukua pasipo kifaa

Katika kiwanja cha Namasakata, au kijiji kingine chochote, kifaa cha kwanza ni kipyenga cha mwamuzi. Kanuni inayokubalika kimataifa ni kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe mara moja na asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema amepata nafuu. Shaka peke yake inatosha.

Kocha, mwalimu wa michezo au nahodha anaweza kumuuliza mchezaji mwenye umri wa shule ya sekondari na kuendelea maswali haya:

1. Tupo uwanja gani leo?
2. Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili?
3. Nani amefunga bao la mwisho?
4. Mechi iliyopita tulicheza na timu gani?
5. Je, tulishinda mechi hiyo?

Akikosea swali hata moja, au akijibu kwa kusuasua, atolewe. Akiyajibu yote kwa usahihi lakini anayumba, anashika kichwa au ameduwaa, atolewe pia. Maswali hayo hayamsafishi mchezaji mwenye dalili.

Zifuatazo ni dalili za hatari zinazohitaji kumfikisha mgonjwa katika kituo cha afya bila kuchelewa: maumivu ya shingo, kuona vitu viwili viwili, ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, kupoteza fahamu, kutapika, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, na fujo au hasira isiyo ya kawaida. Pale shingo inaposhukiwa kuumia, mchezaji asiinuliwe wala kukalishwa na mtu asiye na mafunzo, isipokuwa kama njia yake ya hewa imo hatarini. Bodaboda si chombo cha kumbeba mtu mwenye jeraha la shingo.

Kwa wananchi wa Ruvuma, mlolongo wa rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya, na kufikia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma iliyopo Songea. Majeraha yanayohitaji upasuaji wa ubongo huweza kupelekwa Taasisi ya Tiba ya Mifupa na Upasuaji wa Ubongo Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996. Katika mlolongo huo, mahali panapofaa kwa miwani ya uhalisia pepe ni hospitalini, ambako kuna chumba, umeme na mtaalamu, na ambako swali si tena iwapo mchezaji atolewe, bali lini arudi.

Mchezaji aliyeruhusiwa kurudi nyumbani asiachwe peke yake kwa saa tatu za kwanza au zaidi, asinywe pombe, na asiendeshe pikipiki wala gari hadi atakaporuhusiwa na mtaalamu wa afya. Asipewe aspirini wala dawa za kupunguza uvimbe bila ushauri wa kitabibu. Katika saa 24 hadi 48 za mwanzo apumzike, apunguze muda wa kutazama simu, na afanye shughuli nyepesi tu za nyumbani, kama vile kutembea taratibu.

Kurudi mchezoni hufuata ngazi sita: shughuli za kila siku, mazoezi mepesi, mazoezi ya mchezo wake bila hatari ya kugongwa, mazoezi magumu zaidi yasiyo na kugongana, mazoezi kamili kwa ruhusa ya mtaalamu wa afya, na hatimaye mechi. Kila ngazi huchukua angalau saa 24. Kwa mwanafunzi, kurudi darasani kikamilifu hutangulia kurudi katika mechi.

Teknolojia ya uhalisia pepe imethibitisha jambo ambalo walio uwanjani wanapaswa kulizingatia: ubongo unaweza kuwa haujapona wakati mchezaji anatembea, anacheka na anasema yuko sawa. Kwa hiyo, pale ambapo hakuna miwani ya kumpima, neno lake lisichukuliwe kuwa kipimo. Mchezaji atolewe, na mechi iendelee bila yeye.